Katika Msafara wa Mamba: Jinsi Viumbe Waliotoweka Wanavyopewa Majina

Wahenga walinena kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo. Methali hii hutumika kuwaonya watu wasidanganywe na wingi wa waandamanao, kwa maana si wote wana asili moja wala nia moja. Lakini yafaa tukumbuke kwamba aliyeinena kwanza alikuwa mtu aliyewatazama wanyama kwa makini. Aliona kuwa mamba na kenge hulala ukingo mmoja, huota jua moja, na wote wana magamba na mkia mrefu. Hata hivyo hakukubali kuwa wao ni ukoo mmoja. Elimu ya leo imemthibitishia hekima yake. Kenge ni wa jamaa ya mijusi na nyoka, ilhali ndugu wa karibu zaidi wa mamba, miongoni mwa viumbe walio hai, ni ndege. Kuku aparuaye uani kwetu yu karibu zaidi na mamba kwa nasaba kuliko kenge aliyelala naye mtoni.

Sisi tuliokulia katika nyanda za juu za Kigoma, huko Kasulu na Kibondo, tunaufahamu msafara huo. Mto Malagarasi huanzia kwenye vilima vya mpakani na Burundi, huizunguka nchi ya Waha, hupokea maji ya mabwawa ya Moyowosi, kisha hugeukia magharibi kupita Uvinza hadi Ziwa Tanganyika. Nilipokuwa mtoto nilimwona kenge akiteleza kutoka kwenye mizizi na kuingia mtoni, nikapiga kelele kuwa nimeona mtoto wa mamba. Mzee mmoja aliyekuwapo alicheka, akaniambia nitazame tena kabla ya kutaja jina. Sikuelewa siku ile kwamba alikuwa amenifundisha kanuni ya kwanza ya elimu ya viumbe: tazama, linganisha, ndipo utaje jina.

Insha hii yahusu kanuni hiyo pale inapokuwa ngumu kupita kiasi, yaani pale ambapo mnyama mwenyewe hayupo tena. Amekwisha toweka duniani, naye ameacha kipande cha fuvu, meno machache na mifupa iliyogeuka jiwe, ambayo wataalamu huiita visukuku. Je, mtu awezaje kusema kwa haki kuwa mifupa hii ni ya mamba wa aina fulani, wala si ya aina nyingine? Na je, jambo hili latuhusu nini sisi tusomao historia na utamaduni wa taifa letu?

Kwanza tueleze desturi ya majina yenyewe. Tangu kazi ya Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, kitabu chake cha mwaka 1758 kimekuwa mwanzo wa hesabu ya majina ya wanyama. Kila aina ya mnyama, ambayo wanaelimu huiita spishi, hupewa jina la maneno mawili. Neno la kwanza ni la jamii ndogo ya ndugu wa karibu, nalo huitwa jenasi. La pili ni la spishi yenyewe. Mamba wa kawaida tunayemwona katika mito yetu huitwa Crocodylus niloticus, jina alilopewa na Josephus Laurenti mwaka 1768. Mtoa jina hapaswi kulitangaza kwa mdomo tu. Humpasa alichapishe pamoja na maelezo ya alama zinazomtenga mnyama huyo na wenziwe, tena ataje kielelezo kimoja kilichohifadhiwa mahali panapojulikana, ili yeyote mwenye shaka aende akakitazame kwa macho yake. Kielelezo hicho ndicho shahidi wa jina, kama vile hati ya shamba ilivyo shahidi wa mipaka.

Katika utumishi wangu wa serikali nimeandika majina mengi ya watu katika madaftari, nami nimejifunza kuwa jina likikosewa mara moja huzaa makosa mengine kwa miaka mingi. Kila mwandishi ajaye hunakili alichokikuta. Katika elimu ya viumbe hali haina tofauti. Kwa muda mrefu mifupa mingi ya mamba wa kale iliyochimbwa Afrika ya Mashariki ilitiwa katika kapu moja, ikaitwa ya mamba wa Naili. Sababu yaeleweka: mamba huyo ndiye aliyekuwa akionekana mitoni, naye husemwa kuwa ni mnyama wa kale asiyebadilika. Basi waliochimba, ambao wengi wao macho yao yalitafuta zaidi mifupa ya watu wa kale, waliona mamba, wakamwandika kwa jina walilolijua.

Kisa cha Bonde la Olduvai, kaskazini mwa nchi yetu, chatuonyesha jinsi kapu hilo lilivyofunguliwa. Olduvai yajulikana duniani kote kwa sababu ya Mary Leakey, aliyevumbua huko fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, na kwa sababu ya mifupa ya zamadamu aliyepewa jina la Homo habilis mwaka 1964. Miongoni mwa mifupa iliyopatikana huko ni ya mguu mmoja, wenye namba OH 8. Mtanzania mmoja, Jackson Njau, pamoja na Robert Blumenschine, walijitia katika swali ambalo wengine walikuwa wamelipita: ni nani aliyeitafuna mifupa ya Olduvai?

Ili kulijibu, hawakuanza na mifupa ya kale. Walianza na mamba walio hai. Waliwapa mamba waliofugwa nyama yenye mifupa, kisha wakaichunguza mifupa iliyobaki. Fisi huguguna mfupa na kuula. Mamba hawezi kutafuna, bali hukamata, hutikisa, hurarua na kumeza. Aidha jino la mamba lina ukingo mkali uliosimama kama utosi wa paa, kwa hiyo baadhi ya mashimo yaachwayo na meno yake hukatwa katikati na mstari. Matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa mwaka 2006. Alama za namna hiyo zilikuwamo katika mifupa ya Olduvai, na baadaye wataalamu hao walieleza kuwa zimo hata katika mguu ule wa zamadamu. Basi ikabainika kuwa ukingo wa ziwa lile la kale, ambako zamadamu walishuka kunywa maji takriban miaka milioni 1.8 iliyopita, palikuwa na mwindaji majini aliyewala.

Lakini mwindaji huyo alikuwa nani? Hapo ndipo kazi ya uainishaji ilipoanza. Mwaka 2010 Christopher Brochu, bingwa wa mamba wa kale kutoka Marekani, pamoja na Njau, Blumenschine na Llewellyn Densmore, walichapisha maelezo ya mamba wa Olduvai kama spishi mpya. Walimwita Crocodylus anthropophagus, maana yake mamba mla watu. Msingi wa jina hilo ulikuwa fuvu lisilo kamili pamoja na mifupa mingine. Alama kuu iliyoonekana ni kingo za mifupa iliyo nyuma ya macho: zilikuwa zimeinuka juu kama pembe mbili, kinyume na kichwa cha mamba wa Naili ambacho nyuma ya macho ni bapa.

Msomaji mwangalifu atauliza: je, pembe zatosha kumtenga mtu na ukoo wake? Swali hili ni la haki, nalo ndilo moyo wa jambo lote. Mamba hukua kwa miaka mingi, na kichwa chake hubadilika umbo kadiri akuavyo. Dume kubwa si sawa na jike dogo. Kadhalika viumbe wasio ndugu wa karibu huweza kufanana kwa alama moja. Mamba wa Kyuba aliye hai leo ana kingo zilizoinuka vivyo hivyo, lakini haishi Afrika. Kwa hiyo mwainishaji mwaminifu hategemei alama moja. Huorodhesha alama nyingi, moja baada ya moja: umbo la pua, mishono ya mifupa ya fuvu, mpangilio wa meno, matundu ya kaakaa, magamba ya mfupa ya mgongoni. Kisha hulinganisha kila alama na vielelezo vya spishi nyingine, vikubwa kwa vidogo, na kuuliza ni mti gani wa nasaba uwezao kuzieleza alama zote kwa mageuko machache zaidi. Jina ndilo hitimisho la hesabu hiyo.

Tena yafaa ieleweke kwamba hitimisho hilo laweza kusahihishwa. Tutazame mfano wa jirani. Katika kisiwa cha Madagaska aliishi mamba mwenye pembe ambaye sasa ametoweka. Mwaka 1872 aliitwa Crocodylus robustus. Mwaka 2007 Brochu alimhamisha kwenye jenasi yake peke yake na kumwita Voay, neno la Kimalagasi lenye maana ya mamba. Kwa kufuata mifupa, ilidhaniwa kuwa ndugu yake wa karibu ni mamba mbilikimo wa misitu ya Afrika. Mwaka 2021 wataalamu walifanikiwa kusoma chembe za urithi kutoka kwenye masalia yake, kwa kuwa si ya kale sana, wakakuta kuwa yu karibu zaidi na kundi la mamba wa kawaida. Mifupa ilisema hivi, urithi ukasema vile. Hakuna aliyeaibika, kwa sababu vielelezo vilikuwa vimehifadhiwa na hoja zilikuwa zimeandikwa wazi, hata aliyekuja nyuma aliweza kuzipima. Kwa mamba wa Olduvai msaada huo haupatikani; miaka milioni 1.8 katika joto la nchi zetu imekwisha uharibu urithi wote. Huko ni mifupa peke yake inayosema.

Basi kumbe faida ya kulifungua kapu ni nini? Faida ni historia ya kweli. Maadamu kila mfupa uliitwa wa mamba wa Naili, tuliamini kuwa mamba huyo ametawala mito yetu tangu enzi na enzi pasipo kubadilika. Baada ya Olduvai, mwaka 2012 Brochu na Glenn Storrs walieleza spishi nyingine kutoka bonde la Ziwa Turkana nchini Kenya, Crocodylus thorbjarnarsoni, ambaye aliishi kati ya miaka milioni 4 na milioni 2 iliyopita, na ambaye wakubwa wake walizidi urefu wa mita 7. Sasa twaona kwamba mito ya kale ilikuwa na mamba wake yenyewe, waliozaliwa, wakatawala, wakatoweka. Kosa la jina lilikuwa limewafuta wasiwemo katika historia.

Hata kwa walio hai kapu halijaisha kufunguliwa. Katika maji ya Ziwa Tanganyika, licha ya mamba wa kawaida, amejulikana mamba wa mdomo mwembamba, mla samaki, ambaye kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa spishi moja na wenziwe wa Afrika ya Magharibi. Mwaka 2018 ilielezwa kuwa wale wa magharibi na wale wa Afrika ya Kati ni spishi mbili. Mtu wa Heru na mtu wa Muhambwe wote walikuwa Waha, na wote walishika jembe; lakini aliyewahesabu kuwa raia wa Mwami mmoja alikosea.

Sasa tugeukie Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa nchi, maana huko lugha yetu yenyewe imeingia katika daftari la dunia. Mwaka 2008, katika miamba myekundu iitwayo miamba ya Galula, wachunguzi walipata kiunzi cha mnyama mdogo aliyeishi takriban miaka milioni 105 iliyopita. Kichwa chake chaweza kukaa katika kiganja cha mkono. Kinywa kilikuwa kimefumbwa, hata meno hayakuonekana yote; basi fuvu likapigwa picha kwa mashine ya eksirei ionyeshayo ndani ya kitu tabaka kwa tabaka. Wakaona ajabu. Mbele palikuwa na meno kama chonge, na nyuma meno kama magego, yaliyokutana kwa kutafuna kama ya mamalia. Magamba ya mfupa yalikuwa machache mwilini, na ya mkiani ndiyo yaliyosalia kwa wingi. Mnyama huyu alitembea nchi kavu, na ukubwa wake ulikuwa kama wa paka.

Hapa ndipo methali yetu inapogeuzwa. Katika msafara huu aliyefanana na paka ndiye aliyekuwa wa jamaa ya mamba. Umbo la mwili na meno lilimsogeza kwa mamalia, bali mifupa ya fuvu ilimrudisha kwao: alikuwa wa tawi la mamba wa nchi kavu walioenea katika mabara ya kusini wakati Afrika, Amerika ya Kusini na Madagaska zilipokuwa hazijasahau kuungana kwao. Mwaka 2010 Patrick O'Connor na wenzake, wakiwamo Watanzania Sifa Ngasala na Jesuit Temba, walimwita Pakasuchus kapilimai. Paka ni Kiswahili. Suchus ni neno lililotokana na jina la mungu mamba wa Misri ya kale. Na kapilimai ni heshima kwa marehemu Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuwa nguzo ya uchunguzi huo. Mwaka 2014 mamba mwingine wa kale wa miamba hiyo hiyo aliitwa Rukwasuchus yajabalijekundu. Mwalimu na aliandike jina hili ubaoni, kisha awaulize wanafunzi maana yake. Kabla ya wanafunzi wa London na Berlin kufungua kamusi, mtoto wa Kibondo atakuwa amekwisha jibu: ni wa jabali jekundu.

Hili si jambo dogo. Bonde la Ruhuhu, upande wa Ziwa Nyasa, lina kisa chenye uchungu kidogo. Mwaka 1933 Francis Rex Parrington alikusanya huko mifupa mingi na kuipeleka Uingereza. Mmoja wa wanyama hao alikuwa wa tawi lililo upande wa mamba katika mti wa nasaba, ingawa mwenyewe hakuwa mamba. Alan Charig alimwandika katika tasnifu yake ya mwaka 1956 na kumwita Mandasuchus. Lakini tasnifu haikuchapishwa kwa kanuni, na jina likabaki likining'inia. Charig alifariki mwaka 1997. Jina halikuthibitishwa rasmi mpaka zaidi ya miaka 60 ilipopita tangu aliandike. Muda wote huo mnyama wa Tanzania alikaa rafuni katika nchi ya mbali, akitajwa na wataalamu, lakini bila hati. Jina lisilo na maelezo yaliyochapishwa si jina; na kielelezo kilicho mbali na watoto wa nchi yake hakiwafunzi neno.

Msomaji wa Kasulu ataniuliza: na sisi je, milima yetu ina nini? Upande wa Manyovu iko miamba myekundu iliyo mizuri kama ile ya Rukwa. Lakini rangi isimdanganye mtu. Miamba hiyo ilitandikwa zamani mno, kabla dunia haijawa na wanyama wenye uti wa mgongo. Kumtafuta mamba ndani yake ni kama kutafuta kitabu katika nyumba iliyojengwa kabla ya kuvumbuliwa maandishi. Majabali mawili ni mekundu, lakini si ya umri mmoja wala si ya ukoo mmoja. Mwenye kulijua hilo amekwisha anza kuwa mwainishaji.

Hata hivyo somo hili laweza kufundishwa Kibondo na Kasulu bila kisukuku hata kimoja. Mwalimu na aweke mezani fuvu la mbuzi, la mbwa na la kuku. Wanafunzi waandike alama kumi za kila moja, kisha wabishane kwa adabu ni nani ndugu ya nani na kwa ushahidi gani. Atakayesema "yafanana" aulizwe: yafanana kwa alama ipi, na ngapi? Na ikitokea siku moja mwanafunzi, akiwa safarini Rukwa au Ruhuhu, akaona mfupa uliogeuka jiwe, asiung'oe wala asiuuze. Mifupa hiyo hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mfupa ulioondolewa mahali pake bila kuandikwa tabaka lake umepoteza nusu ya ushahidi wake. Na aweke alama mahali pale, kisha atoe habari kwa wahusika.

Mwacha asili ni mtumwa, twasema, na mara nyingi twawakumbuka mababu zetu tu. Lakini asili ya nchi ni ndefu kuliko asili ya watu wake, na mamba wa jabali jekundu alikuwa mwenyeji wa bonde la Rukwa kabla hapajawa na mtu wa kumpa jina. Sasa amelipata, nalo ni la Kiswahili. Lililobaki ni kwamba mikono itakayompa jina kiumbe ajaye iwe pia ya watoto wetu, waliofundishwa kutazama mara ya pili kabla ya kusema, kama yule mzee wa Malagarasi alivyonifundisha mimi.